Bibi Harusi Mgeni na Mlango wa Jirani

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, usiku wa maadhimisho ya kuasisiwa kwake)

  

Kamati iliponitaka niseme machache, ilinipa mada ya historia ya hekalu. Nilikubali kwa furaha. Historia ya kuta hizi haifichiki. Majina ya waliozijenga yamechongwa kwenye jiwe la marumaru pale mlangoni, na babu yangu yumo. Lakini nilipolisoma jiwe lile wiki iliyopita, niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu utotoni mwangu: hakuna hata jina moja la mwanamke. Nao walitoka kule kule walikotoka babu zetu, wakavuka bahari ile ile. Basi nimemwomba Mwenyekiti ruhusa, naye kwa wema wake amenipa, niwazungumzie wanawake walioletwa kwetu kwa ndoa, binti zetu tuliowapeleka ugenini kwa ndoa, na kipigo kinachowapata baadhi yao nyuma ya milango tunayoijua.

Najua kwamba haya si maneno ya karamu. Lakini wahenga wa pwani hii walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami nimeishi vya kutosha kuyaona maradhi haya yakifichwa, na mmoja wa waliosaidia kuyaficha ni mimi.

Nianze na mama yangu, Mungu ailaze roho yake pema. Alishuka Mombasa kwenye meli ya Karanja mwanzoni mwa miaka ya 1950, akitokea kijiji kilicho karibu na Porbandar, akaletwa hapa Tanga. Alikuwa na umri wa miaka 18, na baba alikuwa amemwona mara moja tu. Nyumba yetu ilikuwa kama nyumba zote za wakati ule: duka mbele, makazi nyuma, na ua wenye bomba moja la maji lililotumiwa na wapangaji wote. Pale bombani alikutana na mama mmoja wa Kidigo aliyekuwa akiuza vitumbua. Mama yule hakujua neno la Kigujarati, na mama yangu hakujua neno la Kiswahili. Mwaka haukwisha, mama yangu alikuwa anajua kupatana bei, kugombana na kutania.

Alitusimulia kwamba katika mwaka ule baba alimnyanyulia mkono. Ukelele ukasikika uani. Kabla hajampiga mara ya pili, mama wa vitumbua alikuwa amesimama kizingitini, kanga kajifunga kiunoni. Akamwambia, “Bwana mwenye duka, huyu si yatima hapa Tanga. Mama yake ni mimi.” Baba aliona haya, akatoka nje. Hakurudia tena mpaka alipofariki. Siwaambii haya ili kumwaibisha marehemu baba yangu. Nawaambia kwa sababu nimetafuta maisha yangu yote dawa iliyo bora kuliko ile ya kizingitini, na sijaiona.

Sasa nije kwa dada yangu. Yeye aliolewa Leicester, Uingereza, mwaka 1978. Mji ule ulikuwa tayari ni mji wa watu wetu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasiende kwake. Walikwenda hata hivyo, na leo Leicester inajisifia Diwali yake. Baba aliona kwamba binti yake amepata bahati. Wakwe hawakupitia Afrika. Walitoka Gujarat moja kwa moja. Walikuwa watu wa sala, hawali nyama wala hawanywi pombe. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa wengi wetu hudhani kipigo ni mtoto wa ulevi. Katika nyumba ile haikuingia hata chupa moja.

Barua zake zilikuja kila mwezi kwa Kigujarati, na kila moja ilisomwa na mama mkwe kabla ya kutiwa gundi. Nyumba ni njema, baridi ni kali, nawasalimu wote. Katika mwaka wa pili ikaja barua yenye mstari mmoja wa kigeni. Herufi zilikuwa za Kigujarati, lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili: “Napigwa. Mama asijue.” Mama mkwe aliusoma asiuelewe. Alipouliza, dada alimjibu kwamba ndivyo watu wa Tanga wanavyoagana.

Barua ile niliifungua mimi, dukani, nikiwa kijana wa miaka 20. Nikampa baba. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, “Mwandikie avumilie. Nyumba mpya haikosi moshi.” Nami nikaandika. Kwa mkono wangu huu nilimwandikia dada yangu mstari mmoja wa Kiswahili ili wakwe wasiuelewe: “Vumilia, yatapita.” Alikuwa amenifungulia mlango mmoja tu uliobaki, nami nikaufunga. Hakuniandikia tena kwa Kiswahili.

Aliyemwokoa hakuwa ndugu, wala hakuwa Mhindu. Dada alikuwa akishona katika karakana moja ndogo ya nguo, na mshahara wake wote ulipokelewa na mume. Pasipoti yake ilifungiwa kabatini na mama mkwe. Aliambiwa kwamba akitoka nje ya nyumba ile, serikali itamrudisha Afrika kwa aibu, naye akaamini, kwa kuwa hakuwa na wa kumwuliza. Siku moja sindano ya cherehani ilimpenya kidole, akalia, “Mama yangu wee!” Mwanamke mmoja wa Kibohora aliyekaa cherehani ya tatu kutoka kwake akageuka. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mmoja wa Waasia wengi waliohama Kenya mwaka 1967 na 1968. Akamwuliza, “Watoka wapi, mwanangu?” Dada akajibu, “Tanga.”

Kwa majuma kadhaa walizungumza Kiswahili saa ya chai, mbele ya wanawake wengine, baadhi yao jamaa za mama mkwe, na hakuna aliyeambulia neno. Mama yule wa Mombasa hakumwambia avumilie. Alimwuliza mambo matatu: pasipoti yako iko wapi, una fedha yoyote mkononi, na mimba hiyo ina miezi mingapi? Ijumaa moja walitoka kazini pamoja, na dada yangu hakurudi kwa mumewe. Alilala kwa mama yule siku mbili, kisha akapelekwa katika nyumba ya hifadhi ya wanawake kwenye mji mwingine. Nyumba za namna hiyo zilikuwa bado changa. Ile iliyovuma kwanza ilifunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971. Mtoto aliyekuwa tumboni leo ni mwalimu. Dada yangu ana wajukuu watatu. Nilipomwomba ruhusa ya kuyasimulia haya, alinipa kwa sharti moja: nisiiache barua yangu.

Ndugu zangu, si wote waliopata mama wa Mombasa. Wengi wenu mmesikia habari za Kiranjit Ahluwalia, kwa kuwa maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2006. Alitoka Punjab, akaolewa mwaka 1979, akaishi Uingereza na mume aliyemtesa kwa miaka kumi. Alipowaeleza jamaa, alihimizwa abaki kwa ajili ya heshima ya ukoo. Usiku mmoja wa Mei 1989 alimwagia mumewe petroli akiwa amelala, akamtia moto, na mume akafa kwa majeraha. Mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha. Kikundi cha wanawake wa Southall kiitwacho Southall Black Sisters, kilichoanzishwa mwaka 1979, kikaishughulikia kesi yake, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Kesi iliposikilizwa upya, kosa lake lilipunguzwa kutoka mauaji ya kukusudia, naye akaachiwa, kwa kuwa kifungo alichopewa alikuwa amekwisha kukitumikia. Sisemi kwamba kuua ni haki. Nasema kwamba watu wawili waliangamia katika nyumba ile, mmoja kwa kifo na mwingine kwa gereza, na kila aliyeshauri uvumilivu alidhani anaijenga nyumba.

Kikundi hicho hicho kiliipinga sheria nyingine. Kwa miaka mingi, mwenzi aliyeingia Uingereza kwa ndoa alitakiwa akae katika ndoa hiyo mwaka mzima kabla ya kupewa ukazi wa kudumu. Akitoka mapema, alikabiliwa na kufukuzwa nchini. Basi mwanamke alichagua kati ya ngumi na ndege. Mwaka 1999 serikali iliilegeza kanuni hiyo kwa waliothibitisha kwamba wamepigwa. Nawakumbusha haya ili mjue kwamba mwanamke mgeni hapigwi kwa mkono peke yake. Hupigwa pia kwa karatasi, kwa lugha asiyoijua, na kwa kukosa nauli.

Sasa turudi hapa nyumbani. Mama yangu aliishi uani, penye bomba moja. Sisi watoto wake tumefanikiwa, tumejenga kuta. Duka liko mjini, nyumba iko mbali, geti ni la chuma, madirisha yana nondo. Nondo hizo wengine mmezinunua kwangu. Bibi harusi wa leo anatoka Rajkot au Jamnagar kwa ndege. Kibali chake cha kuishi nchini kwa kawaida kinamtegemea mume. Simu amenunuliwa na mume. Akizungumza na mama yake kwa video, mama mkwe ameketi kando, kama vile alivyoketi juu ya barua za dada yangu. Kiswahili chake ni maneno matatu: “bei gani”, “asante”, “kesho”. Wazazi wake wanampenda, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Miaka kadhaa iliyopita, nami nikiwa mjumbe wa kamati, binti wa namna hiyo aliletwa mbele yetu, katika chumba kile cha nyuma. Sitasema mwaka, wala nyumba. Alikuja na mumewe, mama mkwe na shemeji. Wanaume watano tuliketi mbele yake kwa saa mbili. Tulimwuliza mbele ya aliyempiga kama anapigwa. Akatazama sakafu. Tukalichukua lile kuwa jibu, tukawapa nasaha, tukanywa chai, tukafurahi kwamba nyumba imepona. Baada ya miezi mitatu alipelekwa hospitali na mkono uliovunjika. Wazazi walitumia tiketi, akarudi India, na sisi tukasema kwamba hakuzoea hali ya hewa.

Baadaye nilizungumza na mama anayeuza maandazi karibu na nyumba ile. Akaniambia, “Nilikuwa nasikia, baba. Karibu kila usiku. Nikadhani ni mambo ya Kihindi, nikaogopa kuingilia.” Na sisi, Wahindi wenyewe, tulisema ni mambo ya nyumba. Katikati ya mambo ya Kihindi na mambo ya nyumba, mkono wa mtoto wa mtu ukavunjika. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, baba ndiye aliyeniamuru. Mara ya pili nilikuwa na mvi, na hakuna aliyeniamuru.

Tusijidanganye kwamba hili ni la dini moja au rangi moja. Majirani mlioketi hapa mnajua nyumba zenu kama tunavyojua zetu. Wala sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Sheria hiyo imewatangulia kuzaliwa wengi wenu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo asiambiwe mwanamke kwamba akitoka, anatoka mikono mitupu kwa kuwa hakuwa na duka.

Sheria hiyo pia inataka mgogoro upite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kuombwa talaka mahakamani, na inamruhusu Waziri kulitambua baraza la jumuiya. Usuluhishi ni jambo jema, nami siupuuzi. Lakini usuluhishi ni wa watu wawili waliokosana. Aliyevunjwa mkono hakukosana na mtu, ameumizwa. Mahali pake ni hospitali, akiwa na fomu ya polisi ya PF3, na kituoni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kazi yetu sisi ni kumsindikiza, tena tumsubiri mpaka atoke.

Wapo watakaosema kwamba nayaanika haya mbele ya majirani na kutuvunjia abru, yaani ile heshima ya nyumba tunayoilinda kuliko mali. Nawajibu kwa upole: majirani wanasikia tayari. Ukuta wa matofali hauzuii ukelele. Wasichokijua ni kama tunaona vibaya au tunakubali. Wengine watasema kwamba wapo wanawake wanaozusha. Huenda wapo. Lakini mimi ni mfanyabiashara, na najua kupima hasara. Nikimsikiliza mwongo mmoja, nimepoteza saa moja. Nikimfukuza mkweli mmoja, siwezi kumrudisha.

Basi naomba mambo manne, nayo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano mkuu.

Kwanza, bibi harusi yeyote anayeletwa kutoka nje, pasipoti na karatasi zake ziwe mikononi mwake mwenyewe, na nakala ibaki kwa mtu mmoja wa nje ya nyumba ya mume aliyemchagua yeye. Maharaj wetu awaulize wazazi jambo hili kabla ya kupanga tarehe ya harusi, kama anavyouliza nyota.

Pili, darasa la Kiswahili katika ukumbi huu, jioni mbili kwa juma, kwa wake wote wageni, na mwalimu awe mama wa mtaa huu, alipwe. Wala somo la kwanza lisiwe “bei gani”. Liwe: “Jina langu ni fulani, naishi nyumba ile, naomba unisaidie.”

Tatu, mwanamke akiletwa mbele ya kamati, asikilizwe kwanza peke yake, na wanawake wawili, mume na wakwe wakiwa nje ya jengo. Na penye kipigo, kamati isipatanishe. Imsindikize.

Nne, hekalu letu lina chumba cha wasafiri ghorofani, ambacho mwaka mzima hulala mabomba na viti vibovu. Kisafishwe. Kiwe cha mwanamke yeyote aliyekimbia usiku, wa kwetu au wa kwenu majirani, bila kuulizwa dini yake. Kitanda, bafu na mlango mpya nitatoa mimi. Nimeuza kufuli kwa miaka 45, na nyingi zilifungwa kwa nje. Hii nitaitia kwa ndani. Funguo watashika akina mama wawili watakaochaguliwa na akina mama, na mimi sitakuwa na nakala.

Waheshimiwa, bibi harusi wetu anapoingia nyumbani kwa mara ya kwanza, huangusha kwa mguu chombo kilichojaa mchele, nasi tunashangilia na kusema kwamba Lakshmi ameingia. Kwa siku tisa za Navaratri tunacheza garba mbele ya Mungu wa kike mwenye silaha mikononi. Kisha wengine wetu tunarudi nyumbani na kumnyanyulia mkono yule yule tuliyemwita Lakshmi. Siwezi kuwa mwalimu wa dini mbele ya Maharaj. Nasema tu kwamba hekalu lisiloweza kumfungulia mwanamke mlango saa nane za usiku limebaki jengo zuri.

Na ninyi majirani, nawaomba jambo moja. Mkisikia, bisheni hodi. Ombeni chumvi, ulizeni saa, semeni mbuzi wenu amepotea. Msikubali kujibiwa na mume peke yake. Ombeni kumwona mama mwenye nyumba. Na asiyejua Kiswahili mfundisheni, kama yule mama wa Kidigo alivyomfundisha mama yangu pale bombani. Jina lake halimo kwenye jiwe la marumaru. Ndilo nililotaka kulitaja usiku huu, na nikagundua kwamba sikuwahi kulijua. Sisi tulimwita Mama Vitumbua.